Kofia ndefu ya hariri: anza kuisoma ndani

Ukipata kofia ndefu nyeusi ya hariri, zile walizovaa mabwana wa London karne ya 19, usikimbilie kuitia mvuke. Igeuze kwanza. Kwenye bitana utakuta chapa yenye jina la mtengenezaji na anwani ya duka. Duka lilipohama mtaa, chapa nayo ilibadilika, na hapo ndipo umri wa kofia hujulikana. Chapa ikimtaja Malkia kama mteja wa duka, angalia vizuri: huenda ni Victoria, aliyefariki 1901, au Elizabeth, aliyeanza kutawala 1952.

Chini ya hariri kuna kitambaa kilichokazwa kwa shelaki (utomvu wa wadudu unaokauka na kuwa mgumu), na shelaki ikipata joto hulegea. Kofia iliyoachwa garini juani inaweza kupinda ukingo. Vumbi liondoe kwa brashi laini, kisha pitisha kipande cha mahameli kufuata mlalo wa nyuzi, ukizunguka upande mmoja tu. Ukienda kinyume nyuzi husimama na mng'ao unafifia palepale. Hariri ikichanika, mpe fundi wa kofia. Viwanda vya Ufaransa vilivyoifuma viliacha zamani, hivyo kiraka kizuri hutoka kwenye kofia nyingine kuukuu.