Sukari ya miezi mitatu: namna ya kuipima nyumbani kimyakimya

Ukichoma kidole asubuhi kabla ya kula na mashine ikakuonyesha 6.2 (yaani milimoli kwa lita ya damu), umejua kwamba wakati ule sukari yako ilikuwa 6.2. Ilikuwa wapi usiku, au saa mbili baada ya kula jana, mashine haijui. Ndiyo maana kipo kipimo cha pili, HbA1c, ambacho wengi wetu wenye kisukari tunakiita kipimo cha miezi mitatu. Siku hizi hata hicho unaweza kukifanya mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Nasema mlango umefungwa kwa sababu mimi hupenda hivyo. Nina kisukari cha aina ya pili na sioni aibu, ila nimegundua kwamba watu wakishajua, kila sahani unayoishika inageuka kikao. Daktari wangu anajua, na mdogo wangu anajua. Inatosha.

Kipimo chenyewe kinafanya kazi hivi. Sukari iliyomo kwenye damu hujishikiza kwenye himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na ikishajishikiza haibanduki. Chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo kiasi cha himoglobini iliyoshikwa na sukari kinaeleza mlivyoishi nayo miezi miwili mitatu iliyopita. Mwezi wa mwisho una sauti kubwa zaidi: karibu nusu ya jibu hutoka humo. Anayejinyima siku tatu kabla ya kupima anajisumbua bure. Pia huhitaji kufunga kula. Pima saa yoyote.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kifaa kidogo chenye katriji, yaani kijisanduku cha kupokea tone la damu, kinachotoa jibu hapohapo kwa dakika chache. Ya pili ni kadi yenye miduara: unaidondoshea damu, inakauka, unaituma maabara. Anayejali faragha ajue kwamba kadi inasafiri pamoja na taarifa zake na jibu linabaki kwenye kumbukumbu za maabara, hivyo soma kwanza wanasema nini kuhusu kuzitunza na kuzifuta. Mimi natumia katriji. Upande wa pili, damu ya kadi husomwa na mitambo ya maabara, na hilo nalo lina thamani yake.

Kabla ya kuchoma, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Kama katriji ilikuwa kwenye friji, iache ifikie joto la chumba ikiwa bado ndani ya pakiti yake. Kama maelekezo yanataka namba ya toleo kwenye kifaa ifanane na ya katriji, zilinganishe kweli. Nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha ikaushe kabisa. Utamu wa tunda uliobaki kwenye ncha ya kidole hupandisha kipimo cha sukari cha kila siku kwa kiwango cha kukutia hofu, na maji yaliyobaki huzimua tone. Ninginiza mkono chini kidogo. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati ambako mishipa ya fahamu imejaa. Mimi hutumia kidole cha pete, kwa kuwa hakina kazi nyingi siku nzima. Sukuma damu taratibu kuanzia kiganjani kuelekea ncha. Usikamue, maana kukamua huleta majimaji ya mwilini yanayochanganyika na damu. Ukishaweka katriji, kiache kifaa mezani na usikiguse mpaka kimalize. Kwa kadi, tone moja kubwa lijaze mduara na kupenya hadi nyuma. Usirundike tone juu ya tone, na usiifungie bahasha kabla haijakauka.

Sasa jibu. Chini ya asilimia 5.7 ni kawaida, 5.7 hadi 6.4 ni dalili kwamba kisukari kinanyemelea, na 6.5 kwenda juu ni kiwango cha kisukari. Usijitangazie ugonjwa kwa kifaa cha nyumbani, lakini. Jibu la namna hiyo lithibitishwe maabara. Kwa ambao tayari tunaumwa, lengo la watu wazima wengi ni chini ya 7, ingawa daktari anaweza kulilegeza kwa mzee au kwa mtu ambaye sukari yake hushuka ovyo. Sehemu nyingine jibu huandikwa kwa kipimo tofauti, milimoli kwa moli badala ya asilimia: 48 ndiyo 6.5, na 53 ndiyo 7. Wala usishangilie kutoka 7.3 kwenda 7.1. Tofauti ndogo namna hiyo inaweza kuwa ya kifaa tu. Tumia kifaa cha aina ileile kila mara na utazame mwelekeo. Kama dawa zimebadilishwa au sukari haijatulia, pima kila baada ya miezi mitatu. Ikitulia, mara mbili kwa mwaka.

Kinachonifurahisha ni kulinganisha jibu hilo na daftari langu la kila siku. Zidisha asilimia kwa 1.59, toa 2.59, unapata wastani wa sukari kwa milimoli. Jibu langu liliwahi kutoka 7.8, yaani wastani wa 9.8, wakati asubuhi zangu zote zilikuwa zinacheza kwenye 6. Hesabu hazikukubaliana, na mahali zilipogombana ndipo sukari ilipokuwa imejificha. Nikaanza kupima kwa jozi: kabla ya mlo, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza, leo mlo wa mchana, kesho wa jioni. Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, haziishi haraka ukifanya hivyo. Mchana kulikuwa shwari. Jioni, baada ya kula, nilikuwa napanda hadi 13, wakati wengi hutakiwa wasizidi 10. Nilimpelekea daktari ukurasa ule mmoja wa daftari, akapanga upya dawa zangu, nami nikauwahisha mlo wa jioni na kutembea kidogo baada yake.

Ugomvi unaweza kwenda upande mwingine: vidole vinasoma juu, kipimo cha miezi mitatu kinasoma vizuri. Hapo shuku damu yenyewe. Selimundu, kuongezewa damu karibuni, ujauzito, ugonjwa wa figo, au chochote kinachofupisha maisha ya chembe nyekundu, vyote huweza kulipotosha jibu. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, unaweza kulipandisha. Mwenye mojawapo ya hayo amuulize daktari kuhusu fruktosamini, kipimo cha maabara kinachoeleza wiki mbili tatu zilizopita bila kutegemea himoglobini. Na hata jibu zuri laweza kuficha mambo, kwani wastani hauonyeshi kama ulikuwa unapanda na kushuka kutwa nzima. Hilo huonekana kwenye kihisi cha kubandika mkononi, chenye kusoma mfululizo.

Ukitumia programu ya simu badala ya daftari, ingia kwenye mipangilio, zima ushirikishaji wa taarifa, na uzuie ujumbe usitokee kwenye kioo simu ikiwa imefungwa. Sindano zilizotumika ziende kwenye chupa nene ya plastiki yenye kifuniko cha kusokota, na ikijaa uliza kituo cha afya wanapokea vipi.

Faragha yangu ina tundu moja nililoliacha makusudi. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sharti awe na angalau mtu mmoja wa karibu anayejua. Ikienda chini ya 3.9 unahitaji gramu 15 za sukari ya kuyeyuka haraka na kupima tena baada ya dakika 15. Ikishuka zaidi unaweza kushindwa hata kusema. Mdogo wangu anajua glukosi ninaiweka droo gani, na anajua pia kwamba akinikuta nimepoteza fahamu asinitilie kitu mdomoni, bali aite msaada wa dharura.