Kuunganisha na Kurusha Ndege ya Rimoti ya Umeme kwa Anayeanza

Naamini kwamba ndege nyingi za mfano zinazovunjika siku ya kwanza huwa zimekwisha kuharibika mezani, kabla hazijafika uwanjani: uzito haukuwekwa mahali pake, au kibao kimoja cha bawa, kile kipande cha ukingo wa nyuma kinachopanda na kushuka, kinakwenda kinyume na amri ya rimoti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelekezo haya inahusu kazi inayofanywa kabla ndege haijaruka.

Anayeanza achague ndege ya povu gumu ambayo bawa lake limewekwa juu ya kiwiliwili na kuinuka kidogo kuelekea nchani, yenye upana wa mita 1.2 hadi 1.4 kutoka ncha hadi ncha. Umbo hilo huisaidia ndege kujinyoosha yenyewe inapoinama, jambo ambalo ndege zenye umbo la kivita haziwezi kumfanyia mwanafunzi, hata zikivutia macho namna gani.

Unapounganisha, jaribu kila kipande bila gundi kwanza. Simama nyuma ya ndege na uangalie kama bawa la mkia limelala sambamba na bawa kubwa, na kama kile kipande cha mkia kinachosimama kimesimama wima kweli, kwa sababu mkia uliopinda utaivuta ndege upande mmoja safari nzima. Gundi ya epoksi inafaa kwa povu la aina zote, lakini baadhi ya gundi zinazokauka papo hapo huyeyusha povu jeupe la vifungashio, hivyo ijaribu gundi yako kwenye kipande cha taka. Propela iwe kitu cha mwisho kabisa kufungwa, na upande wenye maandishi ya ukubwa wake uelekee mbele.

Propela ikiwa bado haijafungwa, washa rimoti kwanza, kisha unganisha betri ya ndege; wakati wa kuzima, fuata mpangilio wa kinyume. Simama nyuma ya ndege. Ukisukuma kijiti kulia, kibao cha bawa la kulia lazima kipande na cha kushoto kishuke; na ukisukuma kulia kijiti cha usukani wa mkia, yaani kibao cha kile kipande kinachosimama, usukani nao uende kulia. Ukivuta kijiti kukuelekea, kibao kilicholala cha mkia lazima kipande. Kikienda kinyume, kirekebishe kwenye rimoti, wala usijiambie kwamba utazoea. Halafu zima rimoti mota ikiwa inazunguka: ni lazima isimame yenyewe mara moja, kwa maana ndege iliyopoteza mawasiliano huku mota ikivuta ni hatari kwa kila aliye karibu.

Sasa tuje kwenye mizani ya ndege, ambayo kwangu ndiyo jambo kubwa kuliko yote. Pima upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kama maelekezo ya mtengenezaji hayapo, weka alama chini ya bawa kati ya robo na theluthi ya upana huo kutoka mbele. Kwa bawa la sentimita 20, hiyo ni kati ya sentimita 5 na 6.5, na anayeanza akae karibu na 5. Betri ikiwa ndani, inua ndege kwa ncha za vidole viwili penye alama hizo. Pua ikilala sawa au ikiinama kidogo tu, umefaulu. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele, na ikiwa haitoshi ndipo uongeze kipande kidogo cha madini ya risasi puani. Ndege yenye pua nzito huruka kwa uvivu lakini hutii, ilhali ile yenye mkia mzito huinua pua bila kuombwa, hupoteza kasi, kisha huanguka kwa bawa moja kabla mwanafunzi hajajua afanye nini.

Uzito wa ndege nzima nao ni wa kuangaliwa sana hapa Uganda. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale inakaribia mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Bawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili kubeba uzito uleule, na propela nayo huvuta kwa nguvu pungufu. Usiongeze mzigo usio wa lazima, na utarajie kutua kwa kasi kubwa kidogo kuliko wanavyotua watu wa pwani.

Betri ya lithiamu ya seli 3 huandikwa volti 11.1, kila seli ikijaa huwa na volti 4.2, na haifai kamwe kushuka chini ya 3. Betri ya miliampea-saa 2200 ichajiwe kwa ampea 2.2, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, nawe ukiwa hapo hapo. Umeme ukikatika, chomoa chaja na usubiri umeme utulie baada ya kurudi. Betri iliyovimba isichajiwe tena.

Kuhusu mahali, vyombo vinavyoruka bila rubani ndani husimamiwa nchini na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, kwa hiyo waulize utaratibu wao kabla ya kuagiza au kurusha. Ukanda wa barabara ya Entebbe uuache kabisa, kwani una uwanja mkuu wa ndege na kile kiwanja kidogo cha Kajjansi. Uwanja wa shule ya kijijini wakati wa likizo unafaa sana, baada ya kuzungumza na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ili watu wasishtuke wakidhani wanapelelezwa. Tembea uwanja mzima ukitafuta vichuguu na nyaya za umeme.

Fika saa moja asubuhi. Upepo huwa umelala, na wale korongo wakubwa tunaowaita kaloli bado hawajaanza kuzunguka juu, kwa kuwa wao husubiri ardhi ipate joto. Mwewe ni wa kuangaliwa zaidi, maana huweza kuishambulia ndege ndogo.

Mwombe mwenzako airushe kwa mkono, akiielekeza kwenye upepo, bawa likiwa sawa na pua ikiwa imeinuka kidogo sana, nawe ukiwa umefungua mota yote. Panda taratibu hadi mita 40 hivi, punguza mota hadi nusu, kisha tumia vitufe vidogo vya kando ya vijiti mpaka ndege ishike njia iliyonyooka bila kuguswa. Kosa likitokea juu hivyo, ukiachia vijiti ndege hiyo ina nafasi ya kujinyoosha.

Ndege inapokuja kukuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo ndipo wengi hupotea. Dawa yake ni moja: sukuma kijiti kuelekea upande ambao bawa limeshuka, nalo litainuka. Fanya mizunguko mipana ya umbo la nane, daima mbele yako, bila kuipitisha ndege juu ya kichwa chako au cha mtu mwingine.

Weka kengele ya simu ilie baada ya dakika 5. Ikilia, anza kutua ukiwa bado na nguvu ya kurudia jaribio. Elekea upepo, punguza mota kidogo kidogo, acha ndege ishuke kwa mteremko mrefu huku ukizuia hamu ya kuvuta pua juu, na ikibaki nusu mita kutoka kwenye nyasi, zima mota kabisa na uvute kijiti taratibu. Baada ya kutua, chomoa betri ndipo uzime rimoti, na ukague propela: yenye ufa isifungwe tena.