Jinsi karakana ndogo inavyoweza kutoka kwenye vita vya bei

Ukitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi Katwe au Kisenyi, mitaa ya mafundi jijini Kampala, jirani anaiona leo, na baada ya siku chache anauza ya kwake kwa bei ya chini. Kushusha bei hakukusaidii, maana chuma mnanunua duka moja. Tafuta ujuzi nje ya karakana, ili mashine ifanye jambo ambalo mteja anaweza kulipima.

Anza na tatizo moja lenye namba. Ukiuliza "niiboreshe vipi?" utapewa maoni mia usiyoweza kuyatengeneza. Muulize mnunuzi wa nafaka kwa nini anamkata mkulima bei. Moja ya sababu ni punje zilizovunjika: kiwango cha Afrika Mashariki kinataka zisizidi asilimia 2 kwa daraja la kwanza. Pukuchua gunia, changanya, chota kilo moja, chambua zilizovunjika uzipime. Zikiwa gramu 60, swali lako ni hili: tushuke vipi hadi 20?

Swali hilo ndilo la kutoa nje: kwa mkulima anayetumia mashine yako, wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere wanaotafuta mafunzo ya vitendo, wataalamu wa UIRI, taasisi ya utafiti wa viwanda ya Uganda, pale Nakawa. Jibu laweza kuwa jepesi: punguza kasi ya ngoma inayopukuchua, ili isizipige punje kwa nguvu mno. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika yenye puli (gurudumu la mkanda) ya milimita 100, ikivuta puli ya 200, huzungusha ngoma mara 725. Funga ya 250, inashuka hadi 580. Tazama magunzi: yakitoka bado yana punje, umeshusha mno. Na badilisha kitu kimoja kila jaribio, kwa mahindi ya shamba moja yaliyokauka sawasawa. Ukigusa puli na nafasi ya chujio kwa pamoja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kabla ya kuonyesha mchoro, andikeni ukurasa mmoja: nani anamiliki, nani anatengeneza, aliyesaidia analipwa nini. Wengi huumia hapa. Wanapatana kwa mdomo, mashine ikianza kuuzika wanagombana. Kilicho kipya kabisa, kama umbo la meno ya ngoma, kipeleke URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kabla ya maonyesho. Kikisajiliwa kama modeli ya matumizi, yaani hati ya kulinda ubunifu mdogo wa kiufundi, hulindwa miaka 10. Kubadilisha puli hakulindiki, maana kila fundi anajua kufanya hivyo.

Ukiuza, pukuchua mahindi ya mteja mwenyewe, pima kilo mbele yake. Andika matokeo kwenye risiti pamoja na unyevu wa mahindi siku hiyo, kwani akileta yasiyokauka yatapondeka na lawama zitakuwa zako.