Piga picha pembeni ya pale wanapopiga wote
Kabla hujaenda kugombania pa kuweka tripodi (stendi ya kamera) pale Horseshoe Bend, ile kona maarufu ya mto Colorado kule Arizona, Marekani, au popote ambapo kila mtu ashapapiga, fungua ramani ya setilaiti ucheki kilomita kadhaa pembeni, tafuta mto unaopinda, bonde, matuta ya shamba, afu angalia jua linachomoza upande gani maana mwanga wa pembeni ndo unaotoa vivuli na ardhi ikaonekana ina umbo. Ila sehemu isiyo na jina haikubebi, lazima mwenyewe utafute kitu cha mbele cha kuvuta macho, jiwe, mti mmoja, chochote tu. Lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali, kama ya 200mm, inasaidia sana kubana fremu, yaani kubakiza kwenye picha kile unachokitaka tu. Siku sehemu hiyo ikiwa na ukungu, rudi upige tena. Na kama ni ardhi ya mtu omba ruhusa kwanza.