Kabla hujachapa lebo ya kwanza: kupanga uingizaji wa data za mimea mikavu

Makabati ya mimea mikavu yakifunguliwa tu, kila mtu anataka kukaa kwenye kompyuta aingize yaliyoandikwa kwenye lebo zake. Subirini kidogo.

Hatua ya 1. Toa karatasi 50 zilizobandikwa mimea kutoka makabati tofauti, uzisome bila kuchapa chochote. Utakuta mwinuko kwa futi, mwezi kwa namba za Kirumi, wakusanyaji wasioweka namba na miji iliyokwisha kubadili majina: Thomson's Falls ni Nyahururu, Wilhelmstal ni Lushoto.

Hatua ya 2. Panga safu za jedwali lako. Hapa usiwe na haraka. Kila jambo linalohitaji tafsiri lipe safu mbili: ya kwanza lebo inavyosema, ya pili wewe unavyoielewa. Tuseme lebo imeandikwa "Wilhelmstal, 12.iv.08". Safu ya kwanza inapokea hivyohivyo, na nukta zake. Ya pili: Lushoto, 1908-04-12. Karne umeijuaje? Mwaka 2008 hakuna aliyekuwa akiiita Lushoto Wilhelmstal. Andika sababu hiyo kwenye safu ya maoni, maana atakayekuja baadaye hatakuwa na wa kumuuliza.

Lebo ikisema "Usambara" basi, usichomeke nukta katikati ya milima ili safu ya ramani ijae. Iache wazi, au weka nukta pamoja na kipimo cha shaka yake kwa mita.

Majina ya safu yachukue kwenye Darwin Core, orodha ya majina sanifu ya data za viumbe inayotumiwa na GBIF, mtandao wa kimataifa wa kushirikiana data hizo. Usibuni yako.

Hatua ya 3. Bandika bakodi kwenye kila karatasi, kisha ipige picha. Watu wachape kwa kutazama picha. Majani makavu hayapendi kushikwashikwa.

Hatua ya 4. Ukitumia Excel, zifanye safu za tarehe kuwa maandishi tangu mwanzo. Excel haitambui tarehe za kabla ya 1900, kwa hiyo mmea wa 1892 na wa 1908 havitapangika pamoja. Na mwangalie anayeburuta seli ili kunakili: sisi tuliburuta mwinuko wa "1200 m" na mlima ukawa unapanda mita moja kila mstari. Tuliligundua hilo baada ya wiki.

Hatua ya 5. Wape watu wawili zile karatasi 50, kila mmoja achape peke yake. Wanapotofautiana, kanuni haijaandikwa, iandike. Muda waliotumia ndio wa kuzidishia makabati yote, kabla hujamwahidi bosi tarehe ya kumaliza.