Shika gololi kwanza, ndipo upige: namna ya kucheza Space Cadet

Wateja wanaongoja kopi hapa steshenari kwangu, Mafiati, Mbeya, huomba kucheza Space Cadet, ule mchezo wa pinball wa kupiga gololi uliokuja na Windows za zamani, kwenye kompyuta yangu ya zamani. Karibu wote wanapoteza gololi kwa kosa lilelile: wanainua vibao viwili vya chini, vile vya kupigia gololi, kwa pamoja, tena mfululizo. Vikiinuka pamoja vinaacha uwazi mpana katikati, na gololi inapita hapohapo. Acha hiyo tabia kwanza.

Z inainua kibao cha kushoto, na kitufe chenye alama ya / kinainua cha kulia. Spesi inavuta fimbo ya kurushia. Ukiachia, gololi inaruka. F2 inaanzisha mchezo mpya. Una gololi tatu. Juni na Julai, baridi ya huku ikikaza, pasha vidole kwenye kikombe cha chai kabla hujaanza, maana kidole kilichoganda kinachelewa.

Sasa sikiliza, ufundi wote uko hapa. Gololi ikiteremka taratibu kuelekea kibao cha kulia, inua kibao hicho na ukishikilie. Usikiachie. Itapanda kidogo, itarudi, itatulia pale kibao kinapokutana na ukuta. Pumua, chagua unakotaka iende. Ukiachia, itaanza kubingirika kuelekea ncha. Ukiipiga ikiwa bado karibu na shina la kibao, pale ukutani, inabaki upande uleule. Ukiipiga karibu na ncha, inavuka kwenda upande wa pili. Fanya mazoezi ya hilo tu mpaka mkono uzoee, achana na pointi.

Mkono ukishazoea, nenda kwenye misheni, yaani kazi ambazo mchezo unakupa, maana ndiko utamu ulipo. Gonga shabaha za misheni, kisha pandisha gololi kwenye ule mlima wa kushoto, ile njia inayopanda, ili kuikubali misheni. Soma maandishi ya upande wa kulia wa skrini. Watu hawayasomi kabisa, na ndiyo yanayokuelekeza. Misheni moja ya mwanzo inataka upande mlima huo mara tatu, nyingine inataka ugonge bampa, vile viduara vinavyorusha gololi, mara nane. Ukikamilisha za kutosha unapanda cheo, na vyeo viko tisa, kuanzia kadeti mpaka amiri wa meli zote.

Vitufe vya X na nukta vinatikisa meza ya mchezo, ile iliyo kwenye skrini. Tikisa kidogo gololi inapoelekea shimoni. Ukizidisha, vibao vinakufa mpaka gololi ianguke. Umeme ukikatika, mchezo umekwenda, hauhifadhi ulipofikia.

Meza hii ilitoka kwenye Full Tilt! Pinball ya mwaka 1995, iliyotolewa na Maxis ikiwa na meza tatu: ya anga za juu, ya maharamia na ya joka. Microsoft walichukua ya anga peke yake, wakaiacha walipofika Windows Vista, kwa sababu kwenye mfumo wa biti 64 gololi ilikuwa inapenya vitu vyote. Ile ya Windows XP, ya biti 32, inacheza vizuri hata kwenye Windows 10. Ukiitaka, tafuta kompyuta yenye XP, ingia Program Files, kisha Windows NT, ukopi folda nzima ya Pinball kwenye fleshi. Usichukue faili la kufungulia peke yake. Bila yale mengine halifunguki.