Namna ya Kuandaa Waraka wa Baraza la Mapinduzi: Mwongozo kwa Wizara na Taasisi

Swali la kwanza, kabla hata jalada halijafunguliwa, ni iwapo jambo lenyewe linastahili kufika Baraza la Mapinduzi. Kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya 1984, Baraza hilo ndilo linalomsaidia na kumshauri Rais wa Zanzibar katika uendeshaji wa Serikali, na wajumbe wake hubeba dhamana ya pamoja kwa kinachoamuliwa humo. Yanayopelekwa huko, kwa hiyo, ni mambo yanayoifunga Serikali nzima, kama vile sera mpya, mswada wa sheria ambao bado haujafikishwa Chukwani mbele ya Baraza la Wawakilishi, chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar, au suala linalogusa wizara kadhaa ambazo hazikufikia mwafaka zenyewe. Jambo ambalo sheria imekwisha kumpa waziri uwezo wa kuliamua lisipelekwe Barazani kwa nia tu ya kutafuta pa kujikinga iwapo wananchi watalalamika.

Mpaka baina ya hayo mawili hauonekani wazi kila mara. Tuchukue mfano wa wizara yenye dhamana ya uvuvi inayotaka kuweka kipindi cha kufunga uvuvi wa pweza katika mwambao wote wa Unguja na Pemba. Kwa kuwa ipo Sheria ya Uvuvi Nam. 7 ya 2010 na waziri hutunga kanuni chini yake, ofisa anaweza kudhani kwamba kinachohitajika ni saini ya waziri tu. Hata hivyo, kufunga mwambao mzima kunahitaji boti na mafuta ya doria, kunaihusu KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), kunawahusu masheha, yaani viongozi wa shehia, na kamati za wavuvi za shehia hizo, na kunamgusa moja kwa moja mama anayeshuka mwambani na mchokoo wake, yaani kijiti cha kumtolea pweza pangoni, maji yanapokupwa sana wakati wa bamvua, ambaye pweza huyo ndiye kitoweo chake na ndiye ada ya skuli ya watoto wake. Uamuzi wa uzito huo ni wa Serikali yote, hata kama kanuni itatiwa saini na waziri mmoja.

Ikishathibitika kwamba waraka, yaani hati ya kuliomba Baraza uamuzi, unahitajika, aya ya kuandikwa mwanzo ni ile itakayosomwa mwisho, yaani ombi. Waandishi wengi huanza na historia ya sekta, wakajaza kurasa, kisha wakahitimisha kwa sentensi iliyozoeleka mno: "Baraza linaombwa kuujadili waraka huu na kutoa maelekezo." Sentensi hiyo haiombi kitu. Katibu Mkuu atakayepokea jibu lake hatajua afanye nini, na waziri aliyeuwasilisha ataulizwa mbele ya wenzake anataka akubaliwe jambo gani. Ombi linalofaa kwa mfano wetu lingesomeka hivi: "Baraza linaombwa liridhie kufungwa kwa uvuvi wa pweza kwa miezi mitatu kila mwaka katika maeneo yaliyotajwa katika Kiambatisho A, liridhie gharama za doria zilipwe kutoka kifungu cha wizara kilichoonyeshwa katika aya ya 9, na liiagize wizara iwasilishe taarifa ya utekelezaji baada ya msimu wa kwanza." Ombi likiwa wazi kiasi hicho, sehemu nyingine za waraka hujipanga zenyewe, kwa kuwa kila aya isiyosaidia kulijibu itaonekana kuwa ni ya kuondolewa.

Waraka ueleze pia njia mbadala zilizofikiriwa na sababu ya kuziacha, ikiwemo ile ya kuacha mambo yaendelee kama yalivyo. Njia mbadala ziwe za kweli. Wajumbe wenye uzoefu huitambua haraka ile iliyowekwa ili ikataliwe. Upande wa fedha, ielezwe gharama ya mwaka wa kwanza na ya miaka inayofuata, ikizingatiwa kwamba mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na yaambatishwe maoni ya maandishi ya wizara yenye dhamana ya fedha. Maneno "gharama zitabebwa na bajeti iliyopo" huzaa maswali mengi kuliko yanayoyajibu.

Mashauriano ndiyo sehemu inayochukua muda, na ndiyo inayofanywa ovyo zaidi. Haitoshi kuandika kwamba wadau walishirikishwa. Ielezwe ni wizara zipi ziliandikiwa, zilijibu nini, na iwapo kuna iliyopinga, hoja yake iwekwe kwa maneno ambayo yenyewe ingeyakubali. Mwanasheria Mkuu aombwe ushauri mapema, wakati ambapo rasimu bado inaweza kubadilika. Iangaliwe pia mipaka ya Muungano: uvuvi wa mwambao si jambo la Muungano, lakini ule wa bahari kuu husimamiwa kwa pamoja na Bara kupitia Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, na mambo kama bandari na ushuru wa forodha yameorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano.

Pemba inahitaji kutajwa peke yake. Si jambo la nadra waraka kuandaliwa Unguja wote, kisha Afisa Mdhamini, yaani msimamizi wa shughuli za wizara husika kisiwani Pemba, akapata habari wakati wa utekelezaji. Yeye ndiye ajuaye, kwa mfano, kama wavuvi wa Kisiwa Panza watafuata kalenda moja na wenzao wa Kizimkazi. Maoni yake yaombwe kwa barua na yaingizwe katika waraka.

Tangu mabadiliko ya Katiba ya 2010 yaliyoweka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Baraza linaweza kuwa na wajumbe kutoka chama zaidi ya kimoja. Lugha ya waraka iwe ya Serikali, isiyo na kaulimbiu za jukwaani.

Rasimu ikikamilika hupita kwa Makatibu Wakuu kabla ya kuwafikia wajumbe, na inafaa wizara ilichukue pitio hilo kuwa nafasi ya kusahihishwa pasipo aibu. Mawasiliano yote ya kikao hupitia kwa Katibu wa Baraza la Mapinduzi, ambaye pia ndiye Katibu Mkuu Kiongozi. Waraka hutunzwa masijala ya siri, yaani chumba cha kuhifadhia majalada ya siri. Haupigwi picha wala kurushwa katika kundi la WhatsApp la idara, hata kwa kisingizio cha kusahihisha herufi.

Uamuzi ukishatolewa, wizara ifuate maneno yaliyomo katika barua ya Katibu, si kumbukumbu za aliyehudhuria. Ateuliwe ofisa mmoja wa kufuatilia kila agizo, nakala ya maagizo yanayohusika ifike kwa Afisa Mdhamini, na kanuni ichapishwe katika Gazeti Rasmi kabla ya mvuvi yeyote kukamatwa kwa kuivunja. Endapo hali itabadilika, mathalani fedha za doria zikakosekana, wizara irejee Barazani na waraka mfupi wa kuomba uamuzi urekebishwe, kwa kuwa waziri hana uwezo wa kupunguza kimyakimya kile ambacho Baraza zima limekiridhia.